Injini Ilipona

Miaka miwili iliyopita niliandika mwongozo wa kutumia nosi kwa usalama kwenye gari la barabarani. Kurasa nne tu. Mwenye duka moja la vipuri alinilipa elfu tatu, akaugawa bure kwa wateja wake, na kufikia wiki ya pili ulikuwa umeingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wapenda magari kutoka Githurai hadi Makongeni. Watu nisiowajua walinitumia ujumbe: kaka, asante, umeniokolea injini. Nilijiona mtu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo, karo imenishinda, na hapa mtaani watu walikuwa wananisoma kuliko nilivyowahi kuwasoma wahadhiri wangu.

Leo naukana mwongozo huo. Nimeurudia mara nyingi nikitafuta kosa na sijaliona. Kila kipimo kiko sawa, kila onyo liko mahali pake. Ila neno moja lililokuwa kwenye kichwa chake, "usalama". Sikuwa nimejiuliza ni usalama wa nani.

Kwanza wacha nieleze kitu chenyewe, kwa sababu wengi wanaoilaani nosi hawaijui, na wengi wanaoitaka wameijua kwa sinema.

Nosi ni jina la mtaani la nitrasi oksaidi. Ni gesi ya zamani. Mwingereza Joseph Priestley aliigundua mwaka 1772, na mwaka 1844 daktari wa meno Mmarekani, Horace Wells, aliivuta akang'olewa jino bila kuhisi kitu. Ndiyo ile wanayoiita gesi ya kucheka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wajerumani waliiweka kwenye ndege zao za kivita ili injini zipate pumzi kule juu ambako hewa ni nyepesi.

Hewa nyepesi. Hapo ndipo hadithi inapofika kwetu. Thika na Ruiru ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inayovuta hewa ya hapa hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Kijana aliyejinyima miaka mitatu kununua Mark X anaendesha gari ambalo halijawahi kumpa nguvu zote alizolipia. Usishangae akitafuta njia ya kuzirudisha.

Nitrasi yenyewe haiwaki. Hilo watu hulikosea sana. Kinachowaka ni petroli, na petroli inahitaji oksijeni. Hewa ya kawaida, ukiipima kwa uzito, ina oksijeni kama asilimia 23. Nitrasi ina 36. Ikiingia kwenye silinda na kufikia joto la nyuzi 300 hivi, inavunjika na kuiachilia oksijeni hiyo. Isitoshe, inatoka kwenye mtungi ikiwa kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 88 chini ya sifuri, kwa hiyo inaipoza hewa inayoingia, na hewa baridi hujaa zaidi. Unabonyeza kitufe, na gari la farasi 200 linakuwa la farasi 275 kwa sekunde kumi. Kisha linarudi kuwa gari la kumpeleka mama kanisani.

Sasa, oksijeni ikiongezeka na petroli isiongezeke, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, injini inaanza kugonga, na pistoni inatoboka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Mwongozo wangu wote ulikuwa juu ya kuzuia hilo. Anza na shoti ya 50, usikimbilie 100. Pampu ya petroli iwe na uwezo, na kuwe na swichi inayokata gesi presha ya petroli ikishuka. Weka plagi za baridi zaidi na upunguze mwanya wake. Rudisha cheche nyuma kama digrii mbili kwa kila farasi 50 unaoongeza. Gesi isifunguke mpaka mguu uwe umekanyaga mafuta hadi mwisho na injini imepita mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa sababu ukiifungua chini ya hapo inajikusanya kwenye njia ya hewa na siku moja itaipasua. Na kama una Subaru yenye injini ya EJ na pistoni za kiwandani, jua kwamba pistoni hizo zina sifa mbaya ya kupasuka kingo za ringi hata bila wewe kuziongezea shida.

Halafu mtungi. Ukiwa tayari kwa kazi, ndani yake kuna presha ya pauni 900 hadi 950 kwa kila inchi ya mraba. Tairi lako lina pauni 32 hivi. Ukipita nyuzi 36, kimiminika chote kinageuka gesi na presha inapanda mbio, na gari lililofungwa vioo juani hapa Thika hupita nyuzi 36 kabla hujamaliza chai. Ndiyo maana mtungi lazima uwe na kisahani cha kupasukia presha ikizidi, na bomba la kuitoa gesi hiyo nje ya gari, isije ikajaa ndani ukalala usingizi huku umeshika usukani. Nimeona kwa macho yangu, kwenye gereji moja ya jua kali, mtungi umeegeshwa kando ya jiko la makaa "ili upate presha". Nimeona pia mtu akitaka kufunga mtungi wa oksijeni ya kuchomelea, akidhani ni kitu kimoja. Oksijeni tupu ikikutana na oili haingoji cheche. Hayo yote niliyaandika, na kama mwongozo ulimzuia mtu mmoja kuweka mtungi kwenye jiko, hapo sijutii.

Lakini sikuandika mstari hata mmoja juu ya barabara.

Kijana mmoja wa Ruiru aliufuata mwongozo wangu kama Biblia. Simtaji jina, tumwite mwenye Forester. Alisoma, akauliza maswali, akarudi dukani mara tatu kubadilisha jeti, kile kitundu kidogo kinachopima gesi na petroli, mpaka vipimo vikakaa sawa. Fundi wake alikuwa mtu makini. Walinipigia simu usiku wakiwa na kompyuta imeunganishwa na gari, wananisomea namba. Shoti ya 75. Kila kitu kijani. Nilimwambia, "Buda, hiyo gari iko salama."

Jumapili moja tulikutana Thika Road, kati ya Juja na Witeithie, saa kumi kasorobo alfajiri. Tulikuwa kama watu thelathini na magari kumi na mawili pembeni, taa za hazadi zikimeta, muziki chini. Tulikuwa tumepima mita 402, ile robo maili, kwa kuhesabu nguzo. Mimi nilikuwa mwisho wa mbio na simu mkononi, narekodi. Forester dhidi ya Golf. Nilisikia gesi ikiingia, maana sauti ya injini hubadilika, inakuwa kama mtu aliyevuta pumzi kubwa. Ikapita mbele yangu ikiongoza kwa gari zima. Nikapiga kelele.

Bado napiga kelele kwenye hiyo video wakati boda inaonekana. Ilikuwa imetoka barabara ya pembeni na kuingia ile kubwa, mita mia mbili na kitu mbele, taa yake ya nyuma inawaka, magunia ya sukuma yamefungwa nyuma. Mwendeshaji alikuwa kwenye leni yake. Hakuna alichokosea. Forester ilikuwa inafunga breki tayari, ikayumba, ikampata kwa ubavu.

Hakufa. Ilibidi akatwe mguu wa kulia juu ya goti.

Siku tatu baadaye nilikuwa na fundi kwenye yadi ambako gari lilikuwa limeshikiliwa. Askari alitaka lisogezwe ukutani kuachia lori nafasi. Boneti ilikuwa imekunjika, taa moja inaning'inia. Fundi akageuza ufunguo. Injini ikawaka mara moja, ikatulia, haina kelele ya ajabu hata moja. Fundi akatabasamu. Ni tabasamu la mtu aliyeona kazi ya mikono yake imesimama. Kisha akakumbuka tulikuwa wapi, akazima.

Injini ilipona. Hicho ndicho mwongozo wangu ulichoahidi, na ahadi ilitimia.

Nilienda hospitali kumwona yule mzee. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, ana watoto wanne. Sikujua nimwambie nini, nikajikuta najieleza, namweleza nosi ni nini, eti jinsi tulivyochukua tahadhari. Alinisikiliza kwa adabu nisiyostahili. Mwishowe akauliza, "Kwa hivyo, kijana wangu, hiyo gesi haikulipuka?"

"Hapana, mzee. Haikulipuka."

"Na gari haikuharibika?"

"Injini haikuharibika."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea risiti ya kitu ambacho hakununua.

Sasa nataka kujibu hoja zetu, moja baada ya nyingine, maana nazijua zote. Nimezitumia zote.

Ya kwanza: usiku hakuna watu. Nani alisema? Mbona ninyi mko hapo? Saa kumi alfajiri Thika Road ina mama mboga wanaowahi soko kabla bei hazijapanda. Ina boda zinazobeba sukuma na maziwa. Ina wafanyakazi wa viwanda vya Thika wanaotoka zamu ya usiku, wauguzi, mabawabu, wanafunzi waliofukuzwa na mtihani vitandani. Ni watu wasio na gari, ndiyo maana sisi wenye magari hatuwahesabu kuwa watu. Tukisema "hakuna watu" tunamaanisha hakuna magari ya kutuzuia. Na tukumbuke barabara hii ilipita wapi. Ilipofunguliwa mwaka 2012 tulipiga picha kama watalii, leni nne huku, leni nne kule, lakini ilikuwa imepita katikati ya mitaa yetu wenyewe. Shule iko upande huu, nyumba upande ule, na daraja la kuvukia liko mbali. Wako wanaovuka chini usiku kwa kuogopa kunyang'anywa simu juu ya daraja. Unaweza kuwalaumu ukitaka. Ila huwezi kusema hukujua wapo.

Ya pili: mimi najua kuendesha. Sawa, tuhesabu. Gari linalomaliza robo maili kwa sekunde 14 hufika mwisho likiwa na kasi ya karibu kilomita 160 kwa saa. Dereva mzuri, aliye macho, hutumia sekunde moja na nusu kuona kitu, kuamua na kukanyaga breki. Kwa kasi hiyo, sekunde moja na nusu ni mita 67 kabla breki haijaanza kazi. Ongeza kama mita 140 za breki kwenye lami kavu na tairi nzuri. Jumla inazidi mita 200. Kwa kilomita 80 kwa saa ungehitaji mita 70 hivi. Kasi imeongezeka maradufu, umbali umeongezeka mara tatu, na nguvu ya kugonga imeongezeka mara nne. Tukifunga nosi kasi ya mwisho inapanda tena, lakini breki zinabaki zilezile zilizotoka Japani na gari. Na taa za mbele hazikuonyeshi mita 200 mbele. Kwa hiyo ustadi wako, buda, unaanza kufanya kazi ukiwa tayari umeshamfikia mtu.

Hata mabingwa wanaogopa namba hizi. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufa kwenye uwanja wa drag huko Marekani, chama chao cha NHRA kilipunguza mbio za magari yao makali kabisa kutoka mita 402 hadi 305, ili kuwe na nafasi zaidi ya kusimama. Huo ni uwanja uliofungwa, wenye kuta, wenye mchanga mwishoni, wenye zimamoto na ambulansi. Wao walipunguza. Sisi tulikuwa na nguzo za barabarani na simu ya kurekodi.

Ya tatu: mathree ndizo zinaua, mbona hamsemi? Tunasema kila siku. Lakini hii ni hoja ya mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni akimwelekezea kidole mwenzake. Dereva wa matatu anakimbizana na hesabu ya mwenye gari. Mimi nilikuwa nakimbizana na nini? Raha. Na raha si dhambi, lakini hakuna anayepaswa kuilipia kwa mguu wake ilhali hakualikwa.

Ya nne ndiyo nzito, na sitaikwepa: hatuna uwanja. Ni kweli. Kijana wa Thika anayetaka kupima gari lake kihalali, robo maili, dhidi ya mwenzake, mbele ya watu, hana pa kwenda siku ya kawaida. Tuna wanasiasa wanaopenda kupigwa picha na magari ya mashindano, ila hatuna kipande cha lami cha kilomita moja na nusu tunachoweza kukiita chetu.

Hapa niwageukie pia waungwana wanaosema dawa ni kukamata watoto hawa wote na kuvunjavunja magari yao. Mmeshajaribu. Polisi wakikaa Juja, mbio zinahamia Eastern Bypass. Wakikaa Bypass, zinahamia barabara za ndani ambako watu ni wengi zaidi. Msako haufuti mbio, unazihamisha tu. Na mnajifanya hamjui penzi hili lilitoka wapi. Nchi hii ililea watoto wake kwa Safari Rally tangu 1953. Tuliokuta hadithi tu tunamjua Joginder Singh aliyeshinda mara tatu na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Baba zetu walisimama vumbini kumshangilia Patrick Njiru kwenye Subaru. Colin McRae alishinda hapa kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Kisha mnashangaa kwa nini mtoto wa Ruiru anataka Subaru yenye kelele?

Lakini Safari hiyohiyo ndiyo inayotuhukumu sisi. Kwa miongo mingi ilikimbizwa kwenye barabara zilizo wazi, na matatu, ng'ombe na watoto wa shule wakitumia barabara ileile. Timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari ili kumwonya dereva kuna nini kwenye kona. Ulimwengu uliita ushujaa. Baada ya mwaka 2002 ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia, ikakaa nje karibu miaka ishirini. Iliporudi Naivasha mwaka 2021, ilirudi na sehemu zilizofungwa, zenye walinzi, madaktari na saa za kuanza na kumaliza. Kuna wazee wanaolalamika kwamba utamu umepungua. Labda umepungua. Mimi naona kwamba hata mashindano makubwa kuliko yote ya nchi hii yalilazimika kukubali kitu ambacho sisi wa Thika Road bado tunakibishia: ukitaka kwenda mbio, mwondoe kwanza mtu asiyehusika.

Wala si lazima tungoje uwanja wa mabilioni. Kiambu hii hii imeshaonyesha njia: mbio za Kiamburing hukimbizwa kwenye lami ya kawaida iliyofungwa kwa siku hiyo, gari moja moja dhidi ya saa. Na huko Marekani, NHRA ilianzishwa mwaka 1951 kwa shida ileile yetu, vijana wenye magari makali na barabara za watu. Wally Parks hakuwaambia vijana waache magari. Aliwapa mahali na sheria: ukaguzi wa gari, helmeti, mikanda, na mtungi uliofungwa kwa bolti, si kwa kamba ya katani.

Kwa hivyo madai yangu ni haya. Kwa Kaunti ya Kiambu na Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya: tunaomba barabara moja, Jumapili moja kwa mwezi, kuanzia asubuhi. Mita 402 za kukimbia na zisizopungua 800 za kusimama. Barabara ya eneo la viwanda ingetosha, maana Jumapili malori yamelala. Muwe na ambulansi, zimamoto na mkaguzi wa magari. Tutozeni ada, mtu anayelipa laki moja kwa mtungi na mabomba hatashindwa na elfu mbili za kuingia. Tukivunja sheria hapo, tufungieni.

Kwa mafundi: swali la kwanza mnalomuuliza mteja ni shoti ya ngapi. Badilisheni. Muulizeni atapigia wapi. Fundi anayefunga nosi kwa mtu anayejua atakimbia barabarani anashiriki, vyovyote kazi yake ilivyo safi. Nalisema hili nikijua nami ni mmoja wao. Sikushika spana, nilishika kalamu.

Kwa wenzangu wenye mitungi kwenye buti: funga valvu. Chomoa waya wa kitufe. Ukienda kazini, mtungi ubaki nyumbani kivulini, ukiwa umesimamishwa wima na kufungwa usianguke. Fungua mkataba wako wa bima usome panapotajwa mashindano, kisha ujiulize nani atamlipa mtu utakayemgonga. Na usiniambie una nidhamu ya kutokibonyeza. Kitufe kiliwekwa ili kibonyezwe. Hakuna mtu aliyewahi kutumia laki moja kununua kitu cha kutokifanya.

Najua nitaitwa msaliti. Nimeshaitwa. Mmoja aliniambia nimezeeka nikiwa na miaka ishirini na sita. Mwingine aliniambia nimegeuka mhubiri kwa sababu sina gari. Ni kweli sina gari. Napanda matatu, nashuka Witeithie, nakatiza barabara ileile kwa miguu, na nimeanza kuisikia jinsi anavyoisikia mtu asiye na injini. Unasikia mlio kutoka mbali, hujui uko leni gani, hujui uende mbele au urudi nyuma. Miaka minne nilikuwa upande wa pili wa mlio huo na sikuwahi kujua unasikikaje.

Mwongozo wangu bado unazunguka. Siwezi kuufuta kwenye simu za watu. Kila wiki mtu bado ananiandikia: kaka, nina Mark X, nitumie jeti gani? Siku hizi najibu kwa neno moja, "Wapi?" Wengi hawarudi. Wengine wananitukana kisha hawarudi.

Mwezi uliopita mmoja alijibu, "Sina pahali." Nikamwambia afunge valvu aje Jumamosi, tunaandika barua kwa kaunti. Alikuja, akaja na rafiki yake. Tumekuwa kumi na moja sasa. Tunakutana nyuma ya gereji moja Makongeni, tunagombana juu ya maneno, tunahesabu mita. Mwenye Forester ndiye anayepiga chapa. Kesi yake itatajwa tena mwezi ujao, na mpaka leo hajawahi kuniuliza kwa nini nilimwambia gari lake liko salama. Ninangoja aniulize.